Punje ya Mahindi Juu ya Santuri

Jumamosi, 4 Oktoba

Wewe Ben Kitheka wa Redio Iyale, nani alikufundisha kuongea juu ya wimbo wa watu? Mama yako? Mama yako ninamjua, alikuwa mtu wa adabu zake. Wiki nzima tunangoja saa tisa ya Jumamosi. Tumefua, tumepika mapema, tumefukuza wageni. Yule mwimbaji Mwamerika anaanza kulia vizuri na tarumbeta zake, kama mtu aliyeungua na chai, halafu wewe unaingia na "Naaam wasikilizaji wapendwa". Wapendwa na nani? Nyamaza! Wimbo una mdomo wake.

Nilisema nitampigia simu nimchambe. Mwanarusi akaniambia, "Mwache, Mama Sylus, ndiyo kazi yake."

Kazi gani! Kazi ya fundi wa bomba ni kufungua maji, si kusimama mbele ya mfereji akitoa hotuba.

Hili daftari nimepewa na Shanice, mtoto wa Sylus wangu. Alisema, "Nyanya, badala ya kututukana sote kwa simu kila jioni, andika." Haya, naandika. Niliishia darasa la tano, lakini darasa la tano la wakati ule lilikuwa na viboko, kwa hivyo herufi zangu zimesimama wima. Shanice mwenyewe ana diploma na herufi zake zinalala kama walevi.

Mwanarusi ni jirani yangu hapa Kaloleni ya Voi, tumetenganishwa na ua wa mabati tu. Yeye ni Mwislamu, watu wao walitoka Pwani. Mimi Mtaita wa Chawia niliyeletwa Voi na ndoa. Mumewe Miraj alikufa mwaka jana, wangu Mwandawiro alitangulia zamani. Kipindi tunakisikiliza kwenye baraza yake kwa sababu redio yake ina spika mbili. Yangu inakohoa. Kipindi kinaitwa Vumbi la Sabini, na kinapiga roki na souli za miaka ile tulipokuwa wasichana. Leo ilipigwa moja yenye gitaa la kelele, kelele kama tingatinga limekwama matopeni, na Mwanarusi, na miguu yake ile imevimba, akainuka akatikisa bega moja. Bega moja tu. Lakini nilimwona yule Mwanarusi wa mwaka wa sabini na mbili, akitoka kwao na buibui mpaka chini, na chini ya buibui viatu vya raizoni, vya kisigino kama matofali.

Kama Ben angenyamaza, ingekuwa siku nzuri.

Jumanne, 7 Oktoba

Jua. Vumbi jekundu mpaka ndani ya chumvi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Alice, mke wa Sylus, amepita na uniform ya kwaya. Ananiuliza kama huo muziki ninaosikiliza unamtukuza Mungu. Nikamuuliza kama hiyo sketi inamtukuza. Ameenda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo naandika kabla ya kupika.

Ben leo alianza vizuri, nyimbo tatu bila kubweka. Kimeu wa Mraru akapiga simu. Huyu ni Mkamba, zamani alikuwa kijana wa mizigo pale stesheni, siku hizi amestaafu anafuga mbuzi na kupigana na ndovu. Redioni anajiita Mzee wa Bugaluu, zile suruali zetu za zamani zilizopanuka chini. Akasema, "Ben, mwanangu, huo wimbo uliopiga, nilimpata mke wangu nao. Sasa nipigie mwingine wa kumrudisha kwao." Tulicheka mpaka Mwanarusi akashika mbavu. Faiza, binti yake, akatuletea chai na kaimati, akasema sisi ni wasichana wabaya.

Kisha Ben akapiga ule wa mwanamke anayeimba polepole, kinanda chini yake, kama anabembeleza mtoto mkaidi. Nilikuwa nimeinua kikombe. Ulipofika katikati, sindano ikaruka. Neno moja, tena lile lile, tena lile lile, kisha akaruka mstari mzima na kutua mbele kama mtu aliyevuka mtaro.

Kikombe sikukishusha. Sikuweza.

Ile ni santuri yangu.

Ben akainua sindano akasema, "Samahani wasikilizaji, hii santuri imechakaa."

Haijachakaa, mjinga wewe. Ile ilikwaruzwa na Everlyne, kifungua mimba wangu. Alikuwa na miaka minne. Mwandawiro alikuwa na gramafoni na sanduku zima la santuri, na Jumamosi watu walijaa kwetu, nyumba za reli, mpaka wengine wakicheza nje kwenye reli zenyewe. Siku moja Everlyne alichukua punje ya mahindi akaiweka juu ya santuri ikizunguka, kwa sababu alitaka kuona mahindi yakicheza. Sindano ikakanyaga punje, ikaruka, ikakwaruza. Tangu siku hiyo wimbo ukifika pale unaruka mara tatu, na yeye alikuwa anaruka nao. Mara tatu. Akiwa na miaka mitano, sita, nane. Anangojea pale, amekunja magoti, kisha anaruka.

Alikufa na miaka tisa, homa ya uti wa mgongo. Baada ya mazishi tulihama nyumba za reli tukaja hapa Kaloleni. Tulipofungua mizigo, sanduku la santuri halikuwepo. Mwandawiro akasema, "Limepotea njiani." Nami nilikuwa sina nguvu ya kutafuta hata kijiko.

Mwanarusi alikuwa ananiangalia. "Vipi, Mama Sylus?"

"Jua limenipiga," nikasema.

Akaangalia leso yake.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Mhubiri alihubiri juu ya wizi. Hapo nikasikia.

Jumatano, 15 Oktoba

Kitu hakipotei njiani kutoka reli mpaka Kaloleni. Si safari ya Uganda. Kitu kinachukuliwa. Na nani alibeba mizigo yetu siku ile? Kimeu. Kimeu na mkokoteni wake. Na sasa ni nani anapiga simu kila Jumamosi, kicheko meno yote nje, anajua kila wimbo? Kimeu!

Mbingu ni nyeupe kama sufuria. Watu wanauliza mvua. Mimi siulizi mvua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimefanya, na ningefanya tena.

Leo Ben alisema ameupata ule wimbo wa wiki jana, msafi, kutoka kwa kompyuta. Akaupiga. Ulifika pale katikati na haukuruka. Ulipita tu, laini, kama gari kwenye lami mpya. Sijui jinsi ya kueleza. Ni kama mtu anapita kaburini na haangalii.

Nikatoa simu yangu. Mwanarusi akasema, "Unampigia nani?" Nilikuwa nimeshabonyeza namba. Ilishikwa mara ya kwanza, Mungu alitaka.

"Naaam, uko hewani, mpenzi msikilizaji!"

"Mimi si mpenzi wako, na hiyo santuri uliyosema imechakaa ni ya marehemu mume wangu Mwandawiro wa reli. Iliibwa. Umeitoa wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo ya mtoto wa shule, "Ah, mama, mwenyewe aliniomba nisimtaje."

"Mwizi hawezi kutaka kutajwa. Basi nitamtaja mimi. Ni Kimeu wa Mraru! Kimeu, kama unanisikia, na najua unanisikia kwa sababu huna kazi, ulibeba sanduku langu na mkokoteni ukaliuza! Na bugaluu yako ilikuwa imepasuka nyuma, sote tuliiona!"

Ben akaweka wimbo haraka haraka.

Nilipogeuka, Mwanarusi alikuwa amejishika kifua. "Ya Rabi, Wakio. Wakio. Umefanya nini?" Hajaniita Wakio tangu tulipoanza kuzaa.

"Nimesema kweli."

Akaingia ndani. Radi ilipiga mbali upande wa Sagalla, lakini hata tone halikushuka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nitaandika mpaka wino uishe.

Asubuhi nilikuwa napepeta pojo. Nikasikia hodi. Kimeu. Amevaa koti la harusi na kofia, mkongojo mkononi. Nikajua amekuja kupigana au kufa.

"Mama Sylus," akasema, "nimekaa kwa gari kutoka Mraru na watu wakinicheka. Kondakta ameniuliza kama nina santuri ya kuuza. Mjukuu wangu alitumwa dukani jana akaambiwa babu yake ni mwizi wa nyimbo. Mimi ndovu wamekula shamba langu mara mbili, sijalia. Jumamosi nililia."

"Rudisha sanduku, machozi yatakauka."

Akaketi bila kukaribishwa. Alikuwa anahema. "Sanduku nililibeba. Ndiyo. Lilikuwa zito, la mninga, lina kamba ya katani. Mzee wako alitembea kando ya mkokoteni. Hatukufika kwako nalo. Aliniambia, 'Kimeu, hili pita nalo nyumba ya pili. Na mdomo wako uwe kaburi.' Nikapita nalo. Mdomo ukawa kaburi. Miaka yote hii! Na asante yangu ni kutukanwa suruali."

"Nyumba ya pili gani?"

Mzee yule aliinua mkongojo wake, akauelekeza juu ya ua wa mabati.

Nyumba ya Miraj. Nyumba ya Mwanarusi.

Nilimwacha ameketi. Nilienda kwenye ua nikagonga mabati kwa mwiko mpaka kuku wakatawanyika.

"Mwanarusi! Toka!"

Akatoka, mikono ina unga. Alipomwona Kimeu nyuma yangu, uso wake ukaanguka. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza.

"Sanduku la Mwandawiro lilikuwa kwako?"

"Lilikuwa kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku mliyohamia."

Tangu siku tuliyohamia. Nimekula Idi kwake mara ngapi? Amekula Krismasi kwangu mara ngapi? Nimelala kwenye mkeka wake alipofiwa. Na sanduku lilikuwa humo humo ndani.

"Wakio, hebu nikueleze, mwenzangu..."

"Usiniite mwenzako. Mwenzako ni yule mliyeficha naye. Umekaa nami barazani ukinilisha kaimati huku unajua. Unajua! Wewe na Miraj na Mwandawiro na huyu Mkamba, nyote mnajua, mimi peke yangu ndiye mtoto."

"Mumeo alitulisha yamini."

"Basi kula yamini hiyo hiyo. Kula mchana na jioni. Mimi na wewe tumeisha."

Faiza akaja mbio akaniambia, "Nyanya, mama ana presha." Nikamwambia hata mimi ninayo, lakini yangu ina sababu.

Kimeu akanywa maji, akavaa kofia. Mlangoni akasema, "Sasa mimi ni mwizi au si mwizi?"

"Nenda nyumbani, Kimeu."

"Nimeuliza, Mama Sylus."

"Si mwizi. Lakini suruali ilipasuka."

"Ilipasuka," akasema. "Hilo sikatai."

Jumanne, 21 Oktoba

Sitaki kuandika.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilipiga simu redioni saa tisa na kitu. Nilisema, "Kimeu wa Mraru si mwizi. Nimesema. Sirudii." Nikakata kabla Ben hajaniita mpenzi.

Redio yangu ilikohoa kidogo ikafa kabisa. Kwa hivyo nilikwenda kando ya ua kuchuma mchicha. Ikiwa upande wa pili wa ua kuna redio inaimba, hilo si kosa langu. Masikio hayana kifuniko. Nilichuma mchicha kwa saa mbili. Mchicha wote umeisha, sasa tutakula mizizi.

Ilipopigwa ile ya tingatinga, nilingoja kusikia kiti cha Mwanarusi kikilia, anainuka kutikisa bega. Hakikulia.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua! Usiku mzima. Harufu ya udongo imeingia mpaka kitandani. Nimepanda pojo na kunde peke yangu. Miaka mingine tunapanda pamoja, yeye ananiwekea mbegu kwenye shimo, mimi nafukia, kwa sababu mgongo wake ni mgumu na magoti yangu ni mabovu, tukiunganishwa tunatosha mtu mmoja. Mistari yangu imepinda. Itaota hivyo hivyo.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua ilianza saa tisa kamili kama iliyotumwa. Kwenye mabati huwezi kusikia hata kengele ya kanisa. Nilisimama uani na mwavuli, sikio kwenye ua, kama mwizi wa kuku. Faiza aliniona. Aliongeza sauti ya redio.

Sikushukuru.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekuwa nikifikiri juu ya Mwandawiro. Nilidhani nilimjua. Kila mtu alisema ni mtu mpole, hasemi sana. Sasa naona kunyamaza kwake kulikuwa kabati, na ndani ya kabati aliweka vitu vyangu. Nimekwenda kaburini kung'oa magugu. Nilimwambia, magugu nang'oa, lakini sikusalimii.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Mabati. Sikusikia wimbo hata mmoja.

Jumamosi, 15 Novemba

Hapakuwa na mvua. Saa tisa nilikuwa kando ya ua, nimebeba karai ili nionekane nina kazi. Kimya. Saa tisa na nusu, kimya. Nikagonga mabati na kidole. Kimya.

Jioni Alice akaja, hana uniform ya kwaya. "Mama, umesikia? Mama Faiza alianguka bombani Alhamisi. Walimpeleka hospitali, wakampa vidonge vya presha, amerudishwa nyumbani. Hali chakula. Anageukia ukuta."

Niliendelea kumenya viazi.

"Mama."

"Nimesikia. Wamempa vidonge, ameze."

Alice akaninyang'anya kisu. Yeye, mke wa mwanangu, akaninyang'anya kisu mkononi! Akasema, "Mama, mimi ni mtoto wa Chawia kama wewe. Kwetu mtu akianguka, swali la kwanza si amekula nini. Swali la kwanza ni nani ana hasira naye. Na hapa Kaloleni hata mbwa wanajua ni nani."

"Wewe si umeokoka? Wewe si ulisema mambo ya wazee ni giza?"

"Nilisema. Na bado ninasema. Lakini ninajua pia kile ambacho nyanya yangu angefanya." Akanirudishia kisu, mpini mbele. "Nenda ukatase, Mama. Mchungaji akiuliza, mtume kwangu."

Huyu msichana nimemdharau miaka ishirini na zaidi kwa sababu ya sketi.

Jumapili, 16 Novemba

Kwa ajili ya Shanice, ambaye atasoma hili siku moja na hajui kitu: kutasa ni hivi. Hasira ya mtu wa karibu haikai moyoni kama jiwe, hutoka ikamshika yule aliyekasirikiwa. Haihitaji mchawi. Kwa hivyo mwenye hasira anachukua maji mdomoni, au maji ya miwa, au pombe yake, anayapuliza nje kama mvua nyembamba, na anasema wazi kilichomkaa, chote, kisha anakiachilia. Ukisema nusu, umetema mate tu. Ukibakisha, ni afadhali ungekaa nyumbani.

Ndiyo maana siendi leo. Nikienda leo nitabakisha.

Jumatatu, 17 Novemba

Bado ningebakisha.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda.

Nilichota maji kwenye kibuyu cha marehemu mama yangu. Faiza akanifungulia mlango. Mwanarusi alikuwa kitandani, amegeukia ukuta kweli, mgongo umekuwa mdogo. Nikasema, "Nimekuja."

Akasema kwa ukuta, "Umekuja kugonga mabati?"

"Nimekuja kutasa."

Akageuka polepole. Amekaa na Wataita maisha yake yote, anajua. Akaangalia kibuyu. "Maji matupu, natumaini. Usije ukanitemea pombe nikakosa kuswali."

"Maji ya bomba. Hata chumvi hayana."

Nikajaza mdomo, nikapuliza, nikasema, "Hasira yangu na itoke, Mwanarusi apone."

Yule mgonjwa akainuka kwa kiwiko. "Hiyo ni ya kunyunyizia sukuma wiki! Mimi nimelala hapa nusu maiti na wewe unanibania? Toa yote, Wakio. Yote."

Basi nilitoa. Nilijaza mdomo na kupuliza, nikajaza na kupuliza, na katikati nilisema. Nilisema nina hasira na Mwandawiro aliyeniona mimi ni yai, akanibebea msiba wangu kwenye mkokoteni bila kuniuliza kama mikono yangu imekatika. Nina hasira na wewe uliyejua. Mlinikatia moyo wangu kipimo, kama nguo, mkasema huyu atatoshwa na hiki, hiki kitamzidi. Nina hasira na homa ile. Na nina hasira na Kaloleni nzima, kwa sababu nilipohamia hapa jina langu lilikuwa Mama Everlyne. Mama Everlyne! Niliitwa hivyo miaka tisa. Matanga hayajaisha, mkaanza kuniita Mama Sylus, nyote, kama watu wanaobadilisha bango la duka. Mlidhani mnanihurumia. Mmoja akalificha jina la Everlyne, mwingine akaficha nyimbo zake, na mimi nikabaki sina hata pa kumlilia. Nilimlilia kwenye sufuria. Nilimlilia kwenye pojo. Hakuna mtu amelitaja jina la mtoto wangu mbele yangu tangu wakati ule, mpaka santuri yenyewe ilipoamua kuruka.

Maji yaliisha. Leso yake ilikuwa imelowa, na ukuta, na Faiza mlangoni alikuwa amelowa kwa machozi yake mwenyewe.

Mwanarusi akapangusa uso. "Nami niseme?"

"Sema."

"Mumeo alikuja na lile sanduku. Akalia mbele ya Miraj, mwanamume yule, akalia. Akasema, 'Mke wangu akisikia huu wa mahindi atakufa, na mimi siwezi kuuvunja. Uwekeni. Siku akiuliza mwenyewe, mpeni.' Tukala yamini. Nikangoja uulize. Nalingoja, wallahi, mpaka mvi zimenitoka."

"Niliambiwa limepotea! Mtu huuliza kitu kilichopotea?"

"Ndiyo hapo. Wanaume walifunga fundo, wakafa wakatuachia ncha. Mwaka wa Miraj ulipotimia nikasema, siwezi kuvunja yamini, lakini hakuna aliyekula yamini kwa redio. Nikampa Faiza sanduku ampelekee yule kijana wa redio. Nikasema, Wakio atausikia. Atauliza. Nami nitamwambia, lilikaa chumba cha pili, limefunikwa." Akashika mkono wangu. "Ukausikia. Nikakuona umeganda na kikombe. Nikangoja uulize. Ukaenda kumtukana Mkamba wa watu suruali, hewani!"

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira pale inapokaa kila siku, nikakuta imelowa. Nikacheka. Mwanarusi akacheka mpaka Faiza akaogopa presha itapanda.

Nilipoinuka, akasema, "Kibuyu chako, Mama Everlyne."

Nilisimama mlangoni kidogo. Kisha nikarudi nikakichukua.

Ijumaa, 21 Novemba

Mwanarusi amekula wali. Daktari aseme ni vidonge vyake. Sawa. Vidonge na maji havigombani.

Pojo zangu zimeota, zimepinda kama mistari. Ameangalia kupitia ua akasema hata mlevi angepanda vizuri zaidi. Amepona.

Jumamosi, 22 Novemba

Kabla ya kipindi, Ben Kitheka amekuja mwenyewe barazani kwa Mwanarusi, na sanduku. Ni kijana mwembamba, sauti yote ile sijui hukaa wapi. Kimeu pia alikuwepo, nilimwita, na nilimpikia kuku mzima. Hiyo ndiyo samahani yangu na aliielewa, alikula mpaka shingo. Mwanarusi alikuwa kwenye kiti chake. Alice alisimama nyuma, akisema amepita tu.

Nilifungua ile kamba ya katani. Ben amezipangusa zote, nitasema ukweli, zinang'aa. Niliipata ile. Nikapitisha ukucha juu yake, polepole, kutoka pembeni kwenda katikati, na ukucha ukakwama. Upo hapo. Mkwaruzo mdogo, si mkubwa kuliko mtoto mwenyewe.

Ben akasema, "Nyanya, naomba radhi. Sikujua. Sasa zikae kwako, ni zako. Ule wimbo tutaendelea kuutoa kwa kompyuta, ni msafi zaidi."

Msafi! Huyu mtoto hasikii. Basi nilimwambia hivi, na ninaandika hapa ili asiseme alisahau, na Shanice ni shahidi nitakapomsomea:

Ben, funga sanduku, rudi nalo redioni. Santuri si za kufunikwa tena chumba cha pili. Jumamosi ijayo, saa tisa, kabla ya matangazo yako na naaam zako, uanze na hii. Uiweke wewe mwenyewe kwa mkono, si ile kompyuta. Useme: huu ni wimbo wa Mama Everlyne wa Kaloleni. Lisome jina vizuri, Everlyne, lisikike mpaka Mraru, mpaka Chawia. Kisha ufunge mdomo. Ikifika pale pa mahindi, iache iruke mara zake tatu. Usiombe mtu samahani, na sindano usiiguse.